Mgongo, Korongo, Bonde: Tuijue Ardhi Tunayoikanyaga

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari hapa mjini Morogoro. Wapo wengi ambao hawakuweza kufika, wakaomba niiweke kwa maandishi. Nimeiweka yote kama nilivyoisema. Picha tulizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wenyeviti wa mitaa, wazazi na wanafunzi wangu: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa hapa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie maneno ya msingi ya jiografia: maumbo ya ardhi, maji na ramani. Nilikubali mara moja, kwa sababu jambo hili linaniuma. Mtoto anaandika kwenye mtihani kwamba uwanda wa mafuriko ni eneo tambarare kando ya mto ambalo hufunikwa na maji mto unapofurika. Anapewa alama zote. Jioni anarudi kulala kwenye nyumba iliyojengwa ndani ya uwanda wa mafuriko. Mtoto hajui. Baba yake hajui. Aliyewauzia kiwanja pengine alijua, akanyamaza.

Nawauliza wazazi: mtoto huyu amefaulu jiografia?

Mimi nasema bado. Bonde, korongo, mgongo, genge, uwanda, delta: kila jina kati ya haya linakwambia maji yatafanya nini mahali hapo. Ukilijua jina bila kujua maji yatafanya nini, umeshika ganda ukaacha kokwa. Leo nataka tushike kokwa. Sitapitia maneno yote ya kwenye kitabu, hatutamaliza. Nitachukua machache, na nitaanzia pale pale mnapopaona kila asubuhi mkifungua dirisha.

Wanafunzi, geukeni mtazame nje. Mlima ule unaitwaje?

(Wanafunzi: Uluguru!)

Uluguru. Sasa, je, Uluguru na Kilimanjaro ni milima ya aina moja? Hapana. Kilimanjaro ni mlima wa volkano. Uji wa moto ulitoka chini ya ardhi, ukarundikana, ukapanda hadi kilele cha Kibo chenye mita 5,895, na ndiyo maana unauona umesimama peke yake juu ya tambarare. Uluguru haikujengwa hivyo. Ni miamba ya kale sana, iliyoinuliwa pale ardhi ilipokatika, upande mmoja ukapanda na mwingine ukashuka. Nayo haiko peke yake. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya, ikaja Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, hapa kwetu Uluguru, hadi Udzungwa. Ndiyo maana tunasema safu ya milima.

Safu hii inafanya kazi gani? Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba mvuke. Ukifika Uluguru hauna pa kupita ila kupanda. Hewa ikipanda inapoa, ikipoa haiwezi tena kubeba mvuke wote ule, na mvuke unashuka kama mvua. Ndiyo maana ukienda Kinole au Tegetero, upande wa mashariki, unakuta ndizi, viungo na ukungu, na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa ile ile ikishavuka kuja upande wetu wa mjini imekwisha kumwaga mzigo wake. Sisi tuko kwenye kivuli cha mvua, na tunachopata hakifiki nusu ya kile cha kule. Mlima ni mmoja. Ukikaa upande huu unalima mahindi kwa wasiwasi, na ukikaa upande ule unalima migomba.

Mvua ile inakwenda wapi? Inaingia msituni, inazama kwenye udongo, inatoka polepole kama chemchemi. Chemchemi zinafanya vijito, vijito vinaungana kuwa mto. Mto mkubwa unaotoka humo ni Ruvu. Mgeta unatoka upande wa magharibi wa milima, unazunguka kusini na kwenda kuungana nao. Ngerengere, huu unaopita kwetu na kujaza bwawa la Mindu, nao unaingia Ruvu. Kisha Ruvu unakwenda hadi baharini, kaskazini ya Bagamoyo. Na kabla haujafika, sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Dar es Salaam inachotwa humo. Mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, watu wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa zamu. Mtu aliyebeba ndoo Kariakoo mwaka ule alikuwa anabeba habari za Uluguru, hata kama hajawahi kukanyaga huku.

Eneo lote ambalo mvua yake inakusanyika kwenye mto mmoja tunaliita dakio la maji. Nani yuko ndani ya dakio la Ruvu? Mimi nimo. Nyinyi mmo. Anayechoma moto msitu kule juu yumo. Anayelima hadi kwenye ukingo wa kijito yumo.

Kuna habari moja ya Uluguru ambayo wazee wa Matombo wanaijua kuliko mimi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii. Wataalamu waliona mteremko mkali, waliona udongo unachukuliwa na mvua, wakaamua watu wote wachimbe matuta ya ngazi. Kwa karatasi lilikuwa jambo zuri. Lakini sehemu nyingi za milima hii zina rutuba juu tu. Ukichimba ngazi unaufukia udongo mzuri na kuufunua ule wa chini usiozaa kitu. Watu walilazimishwa, walichimba, wakapanda, mavuno hayakuonekana. Mwaka 1955 hasira ikalipuka, machafuko yakatokea, na mpango ukaachwa.

Je, ngazi ni mbaya? Siyo. Nendeni Mgeta mkaone miteremko ilivyokatwa ngazi na mboga zilivyostawi, kwa namna ambayo wenyeji wenyewe wanaijua. Walioleta mpango waliujua mteremko, hawakuujua udongo. Aliyeujua udongo alikuwepo pale pale, na hakuna aliyemuuliza. Hili nawaambia hasa nyinyi wanafunzi mtakaokuwa mabwana shamba, mabibi shamba na wahandisi. Ukifika mahali na ramani yako, muulize kwanza mwenyeji.

Sasa tushuke kutoka mlimani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa.

Korongo ni nini? Ni mfereji uliochimbwa na maji kwenye mteremko, wenye kingo za kusimama. Unaweza kulikuta halina tone la maji kuanzia Juni hadi Oktoba. Watoto wanacheza humo, watu wanapita humo kama njia, mwingine anatupa taka. Swali langu: nani alilichimba? Si watu. Ni maji. Na maji yaliyoweza kuchimba mfereji wa kimo cha mtu mzima, mnadhani yamesahau njia?

Tarehe 3 Desemba 2023, kule Katesh, chini ya Mlima Hanang', mvua kubwa ilinyesha. Hanang' ni volkano iliyozimika zamani, zaidi ya mita 3,400, na mji uko miguuni pake. Sehemu ya mlima iliyolowana iliporomoka. Tope, mawe na miti vikateremka kwa kufuata makorongo, vikaingia kwenye makazi, Katesh na hata Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mungu awarehemu. Mliziona zile picha: mawe makubwa yamekaa katikati ya barabara, magogo yamelala milangoni mwa maduka.

Ninachotaka mkione ni hiki. Pale ambapo korongo linatoka mlimani na kufika tambarare, maji yanapoteza kasi, na yanaacha chini kila yalichobeba: mawe kwanza, kisha mchanga, kisha tope. Kwa miaka mingi mzigo huo unatandaa chini ya mlima. Ardhi hiyo ni nzuri kwa macho. Ina rutuba, haina mteremko mkali, ni rahisi kujenga. Watu wanaipenda, na wana haki ya kuipenda. Lakini ukichimba msingi wa nyumba ukakuta mawe ya duara yamechanganyika na tope na mchanga bila mpangilio, jiulize: mawe haya yalifikaje hapa? Hayakuota. Yaliletwa. Na kilichoyaleta kinaweza kurudi.

Morogoro nayo iko miguuni pa mlima. Sisemi haya kuwatisha. Nasema tutazame.

Tuje kwenye uwanda wa mafuriko. Mto ukiwa mlimani unachimba kwenda chini, bonde lake ni jembamba na lenye umbo la herufi V. Ukifika tambarare hauchimbi sana chini, unaanza kupindapinda, unakula ukingo wa huku na kuacha mchanga ukingo wa kule. Mvua ikizidi, unatoka kwenye kingo zake na kutandaa. Ule utando wa tope unaouacha ndiyo rutuba ya mpunga wetu. Kwa hiyo uwanda wa mafuriko ni sehemu ya mto. Nitarudia. Uwanda wa mafuriko ni sehemu ya mto, hata mwaka ambao mto hauutumii.

Wenzetu wa Kilosa wanalijua hili vizuri. Mto Mkondoa unatoka milimani, unapita kwenye bonde jembamba, na Reli ya Kati inapita kwenye bonde hilo hilo, kwa sababu wajenzi wa zamani walitafuta njia rahisi ya kuvuka milima, na njia rahisi ni ile ambayo mto umeshaichonga. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu wa Kilosa walikosa makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikachukuliwa na maji. Treni ikasimama. Leo ukipanda treni ya reli ya kisasa kwenda Dodoma, ukifika Kilosa unaingia kwenye mahandaki yaliyotobolewa milimani. Mkipita pale muwaambie watoto kwa nini mhandisi hakuridhika kufuata ukingo wa mto peke yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bahari. Watu wengi wanaijua kama mita za kubomolewa nyumba. Mimi naomba muione kwa jicho lingine. Mita 60 ni nafasi ya mto kujinyoosha. Na mto mwingine, kwenye uwanda ulio bapa, mita hizo hazimtoshi.

Sasa mgongo. Wanafunzi wengi wanajua kilele, hawajui mgongo, na mimi naona mgongo ni muhimu kuliko kilele. Mgongo ni mwinuko mrefu unaotenganisha bonde na bonde. Mvua ikianguka upande huu inakwenda mto huu, ikianguka upande ule inakwenda mto ule. Pale juu ndipo maji yanapoagana.

Mnaosafiri kwenda Dodoma au Mikumi, mmewahi kugundua mnavuka mgongo wa namna hiyo? Si mlima, ni mwinuko mdogo tu, dereva habadilishi hata gia. Lakini mvua ya Mindu inakwenda Ngerengere, kisha Ruvu, kisha baharini Bagamoyo. Mvua ya tambarare ya Mkata, kilomita chache mbele, inakwenda Wami na kutokea baharini kule Saadani. Mito miwili, na ofisi moja ya bonde inayoisimamia iko hapa hapa mjini kwetu. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na mipaka yake haikufuata mikoa. Ilifuata migongo.

Ukienda mbali zaidi, jambo linakuwa kubwa. Kule Rwanda na Burundi kuna mgongo mrefu unaopita katika nchi hizo. Katika msitu wa Nyungwe, mvua ikianguka upande wa mashariki inakwenda Mto Kagera, inaingia Ziwa Victoria, inatoka Jinja na Mto Nili, inavuka majangwa ya Sudan na Misri na kumwagika Bahari ya Mediterania. Ikianguka upande wa magharibi inakwenda Ziwa Kivu, Mto Ruzizi, Ziwa Tanganyika, Mto Lukuga, Mto Kongo, na kumwagika Bahari ya Atlantiki. Mawingu ni yale yale, siku ni ile ile.

Na nchi yetu? Mvua ya Tanzania inakwenda Bahari ya Hindi kwa Ruvu, Wami, Rufiji, Pangani na Ruvuma. Inakwenda Mediterania kwa Nili. Inakwenda Atlantiki kwa Kongo. Na nyingine haiendi baharini kabisa: inaishia Rukwa, Eyasi, Manyara, Natron, inakauka kwa jua na kuacha chumvi na magadi. Niambieni nchi ngapi duniani zina bahati ya namna hiyo.

Nimetaja maziwa, basi nigusie jambo moja. Mtoto anafundishwa kwamba ziwa ni maji yaliyozungukwa na nchi kavu pande zote. Sawa. Lakini Victoria na Tanganyika ni maziwa mawili yasiyofanana hata kidogo. Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, kubwa kuliko yote Afrika, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Liko kwenye ardhi iliyobonyea katikati ya miinuko miwili. Tanganyika ni jembamba, na kina chake kinafika mita 1,470. Uso wa maji yake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo toeni wenyewe: sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Kwa nini? Kwa sababu liko ndani ya Bonde la Ufa, pale bara la Afrika linapochanika polepole, milimita chache kila mwaka, na ardhi ya katikati ikizama. Ufa huo huo umetupa Nyasa, Natron na Manyara, na volkano kama Ol Doinyo Lengai inayofoka hadi leo.

Na maziwa yote mawili yana mlango mmoja tu wa kutokea. Victoria linatokea Jinja, Tanganyika linatokea Lukuga. Mvua zikizidi, maji yanaingia kwa mito mingi na kutoka kwa mmoja. Ndiyo maana miaka ya 2020 na 2024 watu wa Mwanza, Kisumu, Kigoma na Bujumbura waliona ziwa likipanda hadi vibarazani, wengine wakajiuliza kuna laana gani. Hakuna laana. Maji yaliingia mengi kuliko yaliyotoka.

Sasa ramani. Ningependa nianze na ramani iliyokosewa.

Mwaka 1854 mmisionari mmoja Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga. Hakwenda bara. Alikaa na wasafiri wa misafara, watu wa pembe za ndovu, akawauliza: mkitoka hapa mkienda magharibi mnafika wapi? Waliokuwa wakienda kwa njia ya Kilwa walimwambia, tunafika kwenye maji makubwa. Waliokwenda njia ya kati walimwambia, tunafika kwenye maji makubwa. Waliopita kaskazini walimwambia vile vile. Wote walisema kweli! Lakini Erhardt, akiwa na mwenzake Rebmann, aliunganisha kweli zile tatu, akachora bahari moja ndefu katikati ya Afrika, iliyopinda na kuvimba upande mmoja. Ramani ikafika London, watu wakaiita konokono kwa umbo lake.

Ramani hiyo ndiyo iliyochangia Burton na Speke, wapelelezi wawili Waingereza, kutumwa. Walifika Ujiji Februari 1858, na tarehe 3 Agosti mwaka huo Speke akaliona Victoria kutokea Mwanza. Lakini kabla ya hapo, walipopumzika Kazeh, Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir alikuwa amekwisha kuwaeleza kwamba hayo ni maziwa matatu: la Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe. Aliyajua. Watu wa misafara waliyajua. Kilichokosekana kwa mchoraji ni swali moja rahisi: kati ya maji yako na maji ya mwenzako, kuna nchi kavu?

Wanafunzi, ramani ni majibu ya maswali. Usipouliza, kalamu itajibu yenyewe, na itakosea.

Shuleni tunafundisha kwamba ramani kamili ina jina, ufunguo, skeli, dira na fremu. Nitachukua skeli tu, na kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Shiti, yaani karatasi ya ramani, niliyowaonyesha ni ya skeli ya 1:50,000. Maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Sentimita mbili ni kilomita moja. Mtu akikuuliza kutoka shuleni hadi mtoni ni mbali gani, weka rula.

Kontua je? Hizi ndizo zinazowatoa watoto machozi. Hebu wote, na wazazi pia, kunjeni ngumi ya mkono wa kushoto. Chukua kalamu ya wino, uchore duara juu ya kila kifundo cha kidole, karibu na ncha yake. Shuka kidogo, chora mstari mwingine unaozunguka, wenye kimo kile kile kila mahali. Shuka tena, chora wa tatu, na huo utazunguka vifundo vyote kwa pamoja, ukiingia katika kila nafasi iliyo kati ya kidole na kidole. Haya. Sasa kunjueni mkono, uwe bapa, mtazame.

Mmeona? Milima imelala, mistari imebaki. Hiyo ndiyo ramani ya kontua. Pale mistari ilipobanana, mteremko ni mkali. Pale ilipoachana, ni tambarare. Na pale kati ya vidole, mstari umejikunja kama herufi V, ncha yake ikielekea kule juu. Hilo ni bonde. Maji yatapita hapo. Kwenye kidole chenyewe mstari umejikunja kinyume, ncha ikielekea chini. Huo ni mgongo. Maji yatakimbia kutoka hapo.

Kwenye shiti ile kila kontua inapishana na mwenzake kwa mita 20. Ukikuta nafasi tano za kontua ndani ya sentimita moja, umepanda mita 100 katika nusu kilomita. Mvua ikinyesha hapo haikungoji uingie ndani ukachukue viatu.

Mzazi mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: mwalimu, hizi ramani ni za zamani, nyumba zetu hazimo, zina faida gani? Mzee wangu, swali lako ni zuri sana, na jibu ni kwamba faida iko hapo hapo. Ramani ya zamani inakuonyesha kijito kabla hakijafunikwa na nyumba. Simu yako inakuonyesha mapaa ya leo. Shiti ya zamani inakuonyesha ule mstari mwembamba wa bluu unaopita chini ya mapaa hayo. Kabla ya kununua kiwanja, weka hizo mbili pamoja. Kama kiwanja kiko ndani ya ile V, usitoe hela yako.

Kuhusu bahari nitasema kwa ufupi, maana muda unakwenda. Kutoka Bagamoyo hadi Unguja bahari haina kina kirefu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda kaskazini na kusini, bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji walikuta mifupa ya pundamilia na nyati. Walikwenda kwa miguu! Pemba ni habari nyingine. Kati yake na bara kuna kilindi cha mamia ya mita, na ilitengana na bara zamani zaidi. Ukitazama ramani ya kawaida, Unguja na Pemba ni visiwa viwili ndugu vilivyolala kwenye bluu moja. Ukitazama ramani ya kina cha bahari, unaona Unguja imekaa kwenye rafu ya bara, ile sakafu ya bahari isiyo na kina iliyoungana na bara, na Pemba imesimama peke yake.

Hapo ndipo naishia kwa maelezo. Sasa ni kazi.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, kidato cha tatu tutatembea kufuata kijito kinachopita nyuma ya shule, kutoka kwenye daraja hadi pale kinapoanzia. Kila kundi litachora ramani yake: jina, ufunguo, skeli, dira, fremu. Tutaweka alama kwenye kila korongo linaloingia, kila daraja lililoziba, na kila nyumba iliyo ndani ya mita 60. Hatuendi kumshtaki mtu. Nyumba tutaziweka kama vidoti, bila majina ya wenyewe, na nakala moja tutampa mwenyekiti wa mtaa.

Wazee wangu, naomba wawili watatu kati yenu mfuatane nasi. Mnajua maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko makubwa, na watoto hawa hawakuwa wamezaliwa. Mtawaonyesha kwa kidole, wao wataandika. Wanafunzi: viatu vya kufunika, daftari, penseli na kifutio, siyo kalamu ya wino. Rula ya sentimita 30. Mwenye simu yenye dira aje nayo. Tunakutana darajani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.